MGENI WA BIASHARA DAR: USALAMA UINGIZWE KWENYE HESABU YA MZIGO

Kila mwaka masika yanapokwisha na mavuno kuanza kutoka mashambani, wafanyabiashara kutoka Mbeya, Iringa, Morogoro, Shinyanga na mikoa ya kusini huteremka Dar es Salaam wakiwa na mchele, mahindi, maharage na ufuta. Wengine huja mikono mitupu ila wana fedha, wakitafuta nguo, viatu, vipuri au samani za kupeleka kwao. Wapo pia wawekezaji wadogo wanaokuja kutazama kiwanja au fremu ya duka pembezoni mwa jiji.

Wengi wao hujua bei ya soko kabla hawajapanda basi. Wachache ndio hujua watalala wapi, watabeba fedha vipi na watapokelewa na nani. Hata hivyo, katika vitongoji kama Tandale, Manzese, Tandika na Mbagala, hasara kubwa ya mgeni mara nyingi haitokani na bei kushuka. Inatokana na fedha kuibwa, mzani kuchezewa, dalali kutoweka au simu kuporwa. Kwa sababu hiyo usalama si jambo la kuachiwa bahati. Ni gharama ya mzigo kama ilivyo nauli, ushuru na vibarua, na ipaswa kuandikwa kwenye hesabu kabla ya safari.

JIJI LIMEPANUKA

Kwa miaka mingi Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na wilaya tatu tu, yaani Kinondoni, Ilala na Temeke. Baadaye Kinondoni ilimegwa ikazaliwa Ubungo, na Temeke ikamegwa ikazaliwa Kigamboni. Mgeni anayeelekezwa "Manzese, Kinondoni" kwa mazoea ya zamani ajue kwamba leo Manzese na Mabibo ziko Ubungo, na huko ndiko atakakoshughulikia leseni, ushuru au malalamiko.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni watu 982,328. Idadi hiyo ndiyo inayofanya masoko ya pembezoni yawe na nguvu, kwani mlaji yuko hapo hapo na si lazima mzigo ufike Kariakoo. Tandale ni soko la jumla la nafaka. Mabibo hupokea ndizi na matunda. Keko inajulikana kwa mafundi wa samani. Tandika na Temeke Sterio zinalisha upande wa kusini pamoja na Mbagala, ambako barabara ya Kilwa inaingiza mizigo ya Rufiji, Lindi na Mtwara.

Lakini idadi hiyo hiyo ndiyo inayomficha mwizi. Kijijini mtu akikimbia na mfuko wa mwenzake, nusu ya watu wanamjua kwa jina la baba yake. Tandale akishaingia kichochoro cha pili amekwishapotea.

SAA YA KUFIKA

Wazoefu wa safari hizi husema kwamba saa ya kwanza mjini ndiyo ya hatari kuliko zote. Msafiri amechoka, ana mizigo mingi, hajui upande wa barabara, na kila anayemkaribia anamwita "bosi".

Mabasi ya mikoani yaliyokuwa yakiishia Ubungo sasa yanatumia kituo cha Magufuli huko Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021. Mengi ya yale ya kusini yanapakia na kushusha upande wa Mbagala na Temeke. Tangu Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, wapo abiria wanaoshuka saa nane au saa tisa za usiku. Saa hizo si za kutafuta gesti kwa miguu wala kupanda bodaboda usiyoijua ukiwa na begi la fedha. Anayefika usiku afadhali abaki ndani ya kituo, penye taa na watu, mpaka kupambazuke. Kama ana mwenyeji, amfuate kituoni na si "pale barabarani".

Ndani ya basi kwenyewe lipo onyo la zamani ambalo halijaisha nguvu. Biskuti, juisi au maji ya kupewa na jirani wa kiti yamewalaza abiria wengi usingizi wa dawa, wakaamka mifuko ikiwa mitupu. Kukataa kwa upole si utovu wa adabu. Inatosha kusema umeshiba.

Anayetoka Dodoma au Morogoro ana njia nyingine tangu mwaka 2024, yaani treni ya reli ya kisasa. Safari za Morogoro zilianza Juni na za Dodoma Julai mwaka huo. Faida yake kwa mfanyabiashara ni kwamba saa ya kufika inajulikana mapema, na hivyo aweza kuichagua iwe ya mchana.

FEDHA ISITEMBEE BILA SABABU

Zamani mfanyabiashara alishona mfuko wa siri kwenye suruali au alifunga fedha kwenye kanga kiunoni. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, sehemu kubwa ya mtaji inaweza kusafiri bila kubebwa. Makato yapo, lakini ni ada ya ulinzi. Mtaji mkubwa ukae benki, fedha ya siku mbili tatu iwe kwenye simu, na noti chache za matumizi ziwe mfukoni. Simu ya fedha na simu ya kuongelea barabarani zikiwa mbili tofauti, ni bora zaidi.

Hata hivyo, simu nayo imekuwa mfuko wa kuibiwa, na kisa cha Brazil kinafaa kutajwa hapa. Katika jiji la São Paulo kuna eneo la Brás, ambako wachuuzi wa nguo hufika kwa mabasi kutoka mikoa ya mbali na kununua alfajiri kabla jua halijachomoza, kama wanavyofanya wanunuzi wa jumla wa Dar. Novemba 2020 benki kuu ya nchi hiyo ilianzisha Pix, mfumo wa kutuma fedha papo hapo kwa simu. Majambazi nao wakabadili kazi: badala ya kumpora mtu pochi, walimteka kwa muda mfupi na kumlazimisha atume fedha. Oktoba 2021 benki kuu ikalazimika kuweka kikomo cha reali 1,000 kwa fedha zinazotumwa usiku, kuanzia saa 2 jioni hadi saa 12 asubuhi.

Funzo kwa msafiri wa Mbagala ni lile lile. Asiwe na mtaji wote kwenye simu anayotembea nayo usiku. Namba ya siri isiandikwe nyuma ya kadi, wala asipewe wakala, hata kama kibanda kina foleni na wakala anasema "nitajie tu nikusaidie". Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ufutwe bila kujibiwa. Anayepigiwa na mtu anayedai kuwa wa kampuni ya simu akate, kisha apige mwenyewe namba rasmi ya huduma kwa wateja.

Noti nazo zitazamwe. Noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, ziliondolewa kwenye mzunguko na muda wa kuzibadilisha ukafungwa Aprili 5, 2025. Mgeni anayelipwa jioni, kwenye giza na kwa haraka, ndiye rahisi kubandikwa noti hizo au za bandia. Malipo makubwa yafanyike mchana, noti zikihesabiwa na kupapaswa moja moja.

SOKONI: MZANI NA NENO LA DALALI

Anayedhani mwizi ni lazima awe na kisu hajaingia soko la nafaka. Gunia la mahindi la kawaida huhesabiwa debe sita, karibu kilo 100. Likishonewa kilemba juu likawa lumbesa, linazidi hapo na bei inabaki ile ile. Sheria ya vipimo hairuhusu mazao kufungashwa zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kusimamia. Mfanyabiashara anayeleta mzigo Tandale na auze kwa kilo, kwenye mzani aliouona ukiwa mtupu na mshale wake ukiwa sifuri. Anayenunua kwa debe atazame kama debe halikubonyezwa kiuno.

Kisha kuna mali kauli. Utaratibu huu wa kumwachia mwenzako mzigo kwa neno tu, akulipe akishauza, ndio unaoendesha sehemu kubwa ya biashara ya pembezoni, na kati ya watu wanaofahamiana unafaa sana. Kwa mgeni wa safari ya kwanza ni hatari. Dalali anayemlaki mtu barabarani kabla hajafika sokoni na kumwambia kwamba soko limejaa na bei imeanguka, lakini yeye ana mnunuzi wa haraka, kwa kawaida anamtafutia mteja wake faida na si mwenye mzigo.

Mwenye mzigo aingie kwanza sokoni, aulize bei kwa wauzaji watatu wasiohusiana, na aende ofisi ya soko kujitambulisha. Akilazimika kuacha mali, iandikwe karatasi yenye idadi ya magunia, uzito, bei, tarehe ya malipo, namba za simu na namba ya kitambulisho cha taifa cha anayepokea, na shahidi wa ofisi ya soko aweke sahihi. Dalali mwaminifu hatakasirika.

Anayenunua bidhaa za dukani adai risiti ya mashine, yenye kiasi kamili alichotoa. Mzigo usio na risiti ukisimamishwa njiani humweka mwenye mali katika mazungumzo asiyoyataka, na muuzaji aliyempunguzia bei kidogo kwa kutompa risiti hatakuwapo.

VICHOCHORO, BODABODA NA MVUA

Vibaka wa Dar wanapenda vitu vinavyotoka mkononi kirahisi, kama simu sikioni, mkoba wa begani au begi lililowekwa karibu na dirisha la bajaji. Ndani ya daladala iliyojaa, begi likae mbele ya tumbo. Barabarani mtu atembee upande unaomwezesha kuona magari yanayokuja, na mkoba uwe upande wa ukuta. Akitaka kusoma namba kwenye simu, aingie dukani. Muuza duka hatamfukuza, hasa akinunua maji.

Mara kadhaa jiji limetikiswa na makundi ya vijana waliopewa jina la Panya Road, waliovamia watu mitaani na majumbani. Jina hilo lilizusha hofu kubwa Januari 2015 na likarudi Septemba 2022. Polisi waliendesha misako, lakini mgeni hapaswi kutegemea msako. Achague gesti yenye uzio, mlinzi na kitabu cha wageni, iliyo karibu na barabara kubwa, na baada ya saa 3 usiku atumie teksi ya kuitwa kwa simu au dereva aliyeelekezwa na gesti. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Mvua nayo huiba. Machi hadi Mei, bonde la Msimbazi hufurika na barabara ya Morogoro pale Jangwani imekwishafungwa mara nyingi kwa maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuharibu mali nyingi. Anayeleta nafaka wakati wa masika aulize kabla ya kupanga ghala kama sakafu imeinuliwa, na mzigo uwekwe juu ya mbao.

Siku za msukosuko wa nchi zikumbukwe pia. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ghasia zilitokea Dar es Salaam, ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Mgeni asiyekuwa na noti yoyote mfukoni, akitegemea simu tupu, alibaki hana njia. Ndiyo maana fedha taslimu kidogo ya chakula, malazi na nauli ya kurudia isikosekane, wala isiguswe kwa biashara.

KIWANJA HAKINUNULIWI KWA SAFARI MOJA

Wawekezaji wadogo wanaotazama Chamazi, Tuangoma, Bunju au Mabwepande wanakutana na hatari ya namna yake. Kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu wawili au watatu, kila mmoja akiwa na karatasi yenye muhuri. Muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Si hati ya kumiliki ardhi.

Safari ya kwanza iwe ya kuona na kuuliza tu: majirani wa pande zote nne, ofisi ya serikali ya mtaa, kisha idara ya ardhi ya manispaa. Kama muuzaji ana hati, upekuzi ufanyike kwa Msajili wa Hati ili kujua jina la mmiliki na kama kuna rehani. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 uliacha maeneo yaliyopimwa, na hayo ni rahisi zaidi kuhakiki kuliko shamba lililokatwa vipande kwa hatua za miguu. Malipo yapitie benki. Muuzaji anayesema kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha, aachiwe mteja huyo.

HESABU YAKE

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mfanyabiashara ameleta kilo 3,000 za mchele, na baada ya kutoa gharama zote za kununua, kukoboa na kusafirisha anatazamia faida ya shilingi 150 kwa kilo, yaani shilingi 450,000. Kisha aandike gharama za usalama: nyongeza ya gesti nzuri kwa siku tatu shilingi 45,000, teksi mbili shilingi 30,000, makato ya benki na simu shilingi 15,000, na kijana wa kuaminika wa kusimamia upimaji shilingi 15,000. Jumla ni shilingi 105,000, sawa na shilingi 35 kwa kilo. Faida inabaki shilingi 345,000.

Sasa achukuliwe mwenzake aliyeona shilingi 35 hizo ni nyingi. Akaporwa malipo ya magunia matano tu ya kilo 100, kwa shilingi 2,500 kila kilo. Amepoteza shilingi 1,250,000. Faida yake yote ya shilingi 450,000 imekwenda, na mtaji umepungua kwa shilingi 800,000. Atahitaji karibu safari tatu salama kufidia jioni moja.

RAHA NAYO INA NAFASI

Si sharti mtu afungiwe gestini. Aliyemaliza kazi na kuweka fedha benki ana haki ya kuliona jiji, na Kinondoni na Temeke zina mengi yasiyogharimu sana. Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali na ni jirani na maduka ya Mwenge, wanakouza vinyago. Ufukwe wa Coco una mihogo ya kuchoma na upepo wa bahari, na ni mzuri kabla ya giza.

Upande wa Temeke kuna Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007. Siku ya Simba na Yanga mjini hakuna habari nyingine. Mgeni anunue tiketi mapema kwa njia rasmi, aache mkoba na aondoke pamoja na umati. Anayeweza kupanga safari mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai atakuta Maonesho ya Sabasaba kwenye barabara ya Kilwa, ambako kwa kiingilio kimoja atakutana na wenye viwanda, waagizaji na mabenki. Hiyo ni raha inayorudi na faida.

Usiku wa muziki, uwe wa dansi la zamani au singeli ya vijana wa uswahilini, ufurahiwe na watu wawili au zaidi, huku glasi ikiwa mbele ya macho na simu ya fedha ikiwa imebaki gestini.

Mwisho ni siku ya kurudi. Tiketi inunuliwe kwenye ofisi ya basi na si kwa mpiga debe. Mzigo upewe stakabadhi, na fedha ya mauzo itangulie benki kabla mwenyewe hajapanda. Aliyefika kwake aandike katika daftari kila shilingi ya usalama aliyotumia na kila mtu aliyemfaa: dereva, mhudumu wa gesti, karani wa soko. Safari ya pili majina hayo yatampunguzia gharama kuliko punguzo lolote la bei.